Kumtayarisha punda wa mbio Lamu: wiki kumi na mbili, kila punda kwa pumzi zake

Kila mwaka, Tamasha la Utamaduni la Novemba linapobakisha wiki tatu, vijana huanza kunitafuta. Swali ni lile lile: “Ami, punda wangu huanza vizuri, kisha katikati ya njia husimama kama gogo. Nimpe nini?”

Hakuna cha kumpa. Alichokosa ni zile wiki tisa zilizokwisha pita.

Mwongozo huu ni wa wiki kumi na mbili, na huanza Agosti. Unamfaa punda wa mbio za tamasha, na unamfaa pia wa safari ndefu ya kijiji cha Matondoni, kwenda na kurudi. Hesabu za wiki zichukue kama dira, si kama sheria, maana punda wawili wa zizi moja hawaivi siku moja. Nitaeleza kwa kutumia wangu wawili. Tulia ni jike la miaka kumi na moja, mzito wa kuanza. Kaskazi ni dume lililohasiwa, miaka mitano, na masikio yake hayatulii hata akiwa anakula.

## Vitu vya kuwa navyo

- Daftari na kalamu. Kichwa chako hakitoshi.
- Simu au saa yenye sekunde.
- Kipimajoto, kile cha kawaida cha duka la dawa, kilichofungwa uzi.
- Futi ya fundi cherehani.
- Brashi ngumu, na chuma butu cha kuchokolea kwato.
- Tandiko laini lisilo na mshono unaochoma, na hatamu isiyo na lijamu la chuma kikali.
- Ndoo mbili: moja ya kunywa, moja ya kumwagia.
- Jiwe la chumvi la mifugo.

Fimbo sikuiandika, na sikusahau. Punda anayehitaji fimbo kwenye mazoezi anakwambia jambo ambalo hujalisikiliza bado.

## Hatua ya 1: Jua kama huyu ni wa kukimbia

Anza na umri. Chini ya miaka minne, usimpande kabisa. Kwa mbio mimi husubiri mitano. Angaliwe meno na anayejua, usitegemee maneno ya aliyekuuzia. Jike mwenye mimba au anayenyonyesha aachwe mwaka huu.

Kisha mshike mgongo na mbavu. Mbavu zisionekane kwa macho, lakini ukipitisha kiganja uzihesabu bila kubonyeza. Zikionekana, mnenepeshe kwanza. Usipozipata, na shingo imefanya tuta gumu juu, huyo ni mnene kupita kiasi, na kwato zake ziko hatarini kuliko za aliyekonda.

Pima uzito kwa futi. Zungusha futi kifuani nyuma ya miguu ya mbele, halafu pima kimo kutoka chini hadi bega. Kwa punda mzima wa kimo cha sentimita 105, kifua cha sentimita 105 ni kama kilo 125, cha 110 ni kama kilo 137, na cha 115 ni kama kilo 151. Mpandaji pamoja na tandiko asipite theluthi ya uzito huo, na hata punda akiwa mkubwa, asipite kilo 50. Ndiyo maana mbio hizi ni za vijana wembamba. Mimi mwenyewe niliacha kupanda zamani, na punda wangu walifurahi.

Mpeleke kwa daktari. Lamu tuna kliniki ya Donkey Sanctuary, ipo tangu 1987. Omba aangaliwe meno, minyoo na kwato, na uulize chanjo ya pepopunda. Ugonjwa wenyewe tumeupa jina la mnyama huyu, halafu tunashangaa unapompata kupitia kijidonda cha msumari.

Onyo: punda anayebeba mchanga na mawe ya ujenzi tayari anafanya kazi. Siku ya mazoezi isiwe siku ya mchanga. Ukimbebesha mchana halafu ukamkimbiza jioni, humjengi, unamla.

Utajua umefaulu: anatembea na kukimbia polepole mbele yako, kwenye njia ngumu, na kichwa hakipandi na kushuka kwa hatua moja. Kichwa kikidunda, kuna mguu unaouma.

## Hatua ya 2: Andika hali yake ya kawaida

Asubuhi tatu mfululizo, kabla hajatoka zizini wala kuona chakula, pima vitu vitatu.

Mapigo ya moyo: pitisha vidole viwili chini ya taya, upande wa ndani, mpaka uhisi mshipa unateleza kama mshipi wa kuvulia. Usitumie kidole gumba, utahesabu moyo wako. Hesabu sekunde 30, zidisha mara mbili. Punda mzima akiwa ametulia huwa kati ya 36 na 52.

Pumzi: tazama ubavu, usitazame pua. Wengi huwa karibu 20 kwa dakika.

Joto: kipimajoto nyuma, na uzi ushikwe. Kawaida ni kati ya 36.5 na 37.8.

Chukua wastani wa siku tatu. Tulia ni 40. Kaskazi ni 48. Wote wazima, lakini ukimpima Kaskazi kwa kipimo cha Tulia utamwita mgonjwa kila siku. Namba hii ndiyo itakayoamua kila kitu huko mbele, kwa hiyo usiikisie.

Ongeza pia yasiyo na namba: rangi ya ufizi, jinsi anavyosimama, idadi ya madonge ya kinyesi kwa usiku mmoja. Wakenya siku hizi wana msemo wao wa “punda amechoka”. Punda mwenyewe hasemi. Mnyama huyu huficha maumivu na kiu mpaka mwisho, na ukisubiri mpaka aonyeshe umechelewa.

## Hatua ya 3: Wiki ya 1 hadi ya 3, telki tu

Telki ni ule mwendo wa haraka wa kutembea, ambao ukibeba kikombe cha kahawa hakimwagiki. Hakuna kukimbia. Siku nne kwa wiki, dakika 30 wiki ya kwanza, 45 ya pili, saa nzima ya tatu. Kutoka mjini hadi kijiji cha Shela kwa njia ya pwani ni kama kilomita tatu. Kwenda na kurudi kunatosha kabisa.

Hapa ndipo vijana hunicheka. Wanasema kutembea si mazoezi. Sababu ni hii: moyo na mapafu huitikia kwa wiki chache tu, misuli hutaka miezi, na kano na mifupa hutaka zaidi ya hapo. Kwa hiyo wiki ya nne punda anajisikia simba, anavuta hatamu, nawe unaona yuko tayari. Moyo uko tayari. Miguu haiko.

Nimelipa ada ya somo hili. Mwaka mmoja nilianza nikiwa na wiki tatu tu, na dume langu la wakati huo lilikuwa linaruka kwa nguvu. Siku ya kumi na saba nikamkimbiza kwenye mchanga laini. Asubuhi yake, nyuma ya mguu wa mbele, chini ya goti, palikuwa na uvimbe kama yai la kware, moto ukiugusa. Hakukimbia mwaka ule, wala hakubeba kitu kwa miezi mitano, nami nikawa nabeba mitungi ya maji kwa mkokoteni.

Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya salamu, napitisha mkono kwenye miguu minne kuanzia goti hadi kwato. Natafuta joto, uvimbe, au mahali anapovuta mguu. Ni dakika moja.

Utajua umefaulu: mwisho wa wiki ya tatu anamaliza saa nzima, anafika zizini akitaka kula, na kesho yake miguu ni baridi.

## Hatua ya 4: Mlango wa dakika kumi

Nikilazimika kufuta mwongozo wote nibakishe hatua moja, nitabakisha hii.

Kila baada ya mazoezi, simama kivulini. Toa tandiko. Hesabu mapigo papo hapo, kisha hesabu tena baada ya dakika 10. Kanuni yangu: dakika ya kumi, mapigo yasizidi 16 juu ya yale yake ya asubuhi. Kwa Tulia ni 56. Kwa Kaskazi ni 64. Katika mashindano ya masafa marefu ya farasi duniani, daktari humzuia farasi ambaye mapigo yake hayajashuka hadi 64 katika muda uliowekwa. Sisi hatuna daktari njiani, kwa hiyo mlango huo ujiwekee mwenyewe.

Akipita mlango mara tatu mfululizo, anapanda ngazi. Akikwama mara moja, rudia zoezi lile lile. Akikwama mara mbili, rudi ngazi moja nyuma na utafute sababu.

Kutafuta sababu ndiko kunakomtofautisha anayejua na anayekariri. Wiki ya tano mwaka jana niliwatoa wote wawili, njia moja, saa moja. Tulia alisimama na 84, dakika ya kumi 52. Kaskazi alisimama na 96, dakika ya kumi bado 76, ya ishirini 66. Kijana anayempanda akasema, “Ami, huyu mvivu, tumwongezee.” Nikamwambia subiri. Kesho kutwa tukampeleka umbali ule ule, mwendo ule ule, lakini kwa njia ya shambani nyuma ya mji. Dakika ya kumi: 62.

Kumbe siku ya kwanza tulikuwa tunampima karibu na gati, boti zinanguruma, watu wanashusha mizigo. Kaskazi hakuwa amechoka, alikuwa na hofu. Tungemwongezea mazoezi tungemwongezea hofu. Dawa yake ilikuwa kutembea nyuma ya mkia wa Tulia pwani kila Jumamosi, bila kukimbia, mpaka boti zikamchosha kuziangalia.

Tulia ana kasoro yake pia. Namba zake ni nzuri siku zote, ila dakika kumi za mwanzo hachangamki. Ukimlazimisha hapo anasimama. Huyo anahitaji dakika 15 za kutembea kabla ya kudaiwa chochote, Kaskazi zinamtosha tano.

## Hatua ya 5: Wiki ya 4 hadi ya 7, ongeza kitu kimoja

Vitu vya kuongeza ni vitatu: umbali, kasi, ugumu wa njia. Wiki moja, kimoja. Ukiongeza viwili na akachechemea, hutajua kipi kimemuumiza.

Wiki ya 4 ongeza umbali. Wiki ya 5 ingiza matiti, ule mwendo wa kudunda unaompiga mpandaji makalio: dakika mbili matiti, nne telki, mara nne. Wiki ya 6 ingiza mchanga laini, dakika tano tu, kwa kutembea. Wiki ya 7 punguza kila kitu hadi nusu. Wiki hiyo ya kupunguza si uvivu, ndiyo mwili unaposhona ulichochana.

Siku mbili ngumu zisifuatane. Siku ya katikati atembee bila mpandaji, au afunguliwe ajiviringishe kwenye mchanga.

Soma maji kabla ya kutoka. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kutoka kwa wingi, alfajiri maji huwa yamejaa na mchanga mgumu huanza kutoka jua likiwa limekwisha panda. Siku hizo pita njia ya shambani. Maji mafu, yale yasiyojaa wala kutoka sana, ndiyo rafiki wa mazoezi ya alfajiri, kwani saa kumi na mbili ufuo unakuwa wazi. Mchanga mzuri ni ule wenye unyevu, kwato zikiacha alama isiyozidi unene wa kidole. Zikizama hadi juu, ondoka. Vilima vya Shela viache kabisa: vinaua kano, na chini yake ndipo mji mzima unapopata maji ya kunywa.

Utajua umefaulu: dakika 90 za telki na matiti, na mlango wa dakika kumi unafunguka.

## Kula na kunywa

Punda si farasi mdogo. Tumbo lake limeumbwa kwa majani makavu mengi na nafaka kidogo. Mpe nyasi kavu muda wote, na pumba za mahindi zilizoloweshwa, kama bakuli mbili, siku za kazi ngumu tu. Mahindi ya kujaza debe “apate nguvu” huleta msokoto wa tumbo na ugonjwa wa kwato. Usimwache akitafuta riziki jaani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini matumbo ya punda wetu bado yanaikuta.

Wala usimnyime chakula siku moja nzima ati awe mwepesi. Punda akikaa na njaa, hasa mnene, mafuta humwagika kwenye damu na anaweza kufa.

Maji hunywa lita 18 hadi 35 kwa siku, na zaidi akitoka jasho. Ile imani kwamba punda mwenye joto asinywe, iacheni. Mtembeze dakika chache, kisha anywe. Shida ya punda ni nyingine: hukataa maji asiyoyajua harufu. Ukienda Matondoni, beba mtungi wa maji ya nyumbani.

## Hatua ya 6: Wiki ya 8 hadi ya 10, kasi na joto

Sasa ndiyo mbio. Mara mbili kwa wiki, si zaidi: baada ya kutembea dakika 15, mbio za sekunde 40, kisha telki dakika nne, mara tatu. Wiki ya 9 mara nne, wiki ya 10 mara tano. Kila mara akianza kupunguza mwenyewe kabla ya sekunde kwisha, hiyo ndiyo ya mwisho kwa siku hiyo, hata kama ni ya pili. Kaskazi alifika tano. Tulia tulimwachia tatu, tukamwongezea umbali badala yake, maana nguvu yake iko kwenye kutochoka, na umri wake nauheshimu.

Ulipoanza Agosti kulikuwa na kusi, upepo wa kusini, na ubaridi. Oktoba upepo unakatika, matlai, upepo mwepesi wa mashariki, yanaingia, joto linakaa mjini kama limefungwa mlango. Punda aliyezoezwa alfajiri tu atashangaa siku ya mbio, zikiwa mchana. Wiki ya 9 na ya 10, siku tatu kwa wiki, mtembeze saa tatu asubuhi, dakika 20, halafu 30, halafu 40. Kutembea tu. Mwili hujifunza joto kwa wiki mbili hivi.

Mtembeze pia kwenye ngoma na kelele. Harusi ziko nyingi, omba ruhusa usimame mbali.

Simama mara moja na umwite daktari ukiona: kuhema kusikotulia baada ya dakika 20, joto linalopita 39.5 na kukataa kushuka hata ukimwagia maji; ufizi wa rangi ya matofali au wa zambarau; mkojo wa rangi ya kahawa; misuli ya nyuma kukakamaa; au kukataa kutembea kwa punda ambaye jana alikuwa mwepesi. Shukrani ya punda ni mateke, tunasema. Akipiga teke unapomfunga tandiko na hajawahi kufanya hivyo, inua tandiko utazame mgongo kabla ya kumtukana.

## Hatua ya 7: Wiki mbili za mwisho na siku yenyewe

Huwezi kuongeza nguvu sasa. Unaweza kuiharibu tu. Punguza muda hadi nusu, bakisha mbio fupi mbili kwa wiki ili asisahau. Kwato zikatwe wiki mbili kabla, si jana yake. Tandiko jipya lisianze siku ya mbio.

Siku yenyewe: nyasi asubuhi kama kawaida, pumba zisiwepo, maji yawepo mpaka dakika za mwisho. Tembea dakika 15 kabla. Mpandaji akae mbele kidogo, mikono ikiwa laini, na theluthi ya kwanza ya njia amwache punda achague mwendo. Wanaotoka kama risasi wengi wao huonekana tena nyuma.

Ukimaliza, shuka hapo hapo. Picha zisubiri. Tembea naye, mwagie maji shingoni, kifuani na katikati ya mapaja, yakwangue, mwagia tena. Dakika ya kumi, vidole chini ya taya.

Mwaka jana Kaskazi alimaliza wa nne, na watu wake wakanuna. Nilihesabu 60. Jioni alikula nyasi zote, na asubuhi nilipopitisha mkono miguuni, yote minne ilikuwa baridi. Nikampa siku kumi za kupumzika bila mzigo, kisha telki tena, dakika 30.